Tablo ya fizibo ya zamani: tuibadilishe ao tuiache?



Katika nyumba nyingi za kwetu kuna kitu kimoja juu ya mlango wa mbele ambacho hakuna mtu anakiangalia mpaka siku giza inaingia. Ni tablo ya fizibo. Wenzetu wa Kigoma wanasema fyuzi, lakini kitu ni kile kile: ubao mmoja, vikombe vya porselene vyeupe vilivyogeuka rangi ya chai, na vumbi la miaka mingi. Mwezi huu ninataka kuongea nanyi juu yake, kwa sababu jamaa yetu ilibishana juu ya tablo hiyo karibu miezi mitatu, na katika mabishano yale nilijifunza mambo ambayo ningependa ningeyajua mbele.

Nyumba yetu iko Uvira, upande wa Kimanga. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, ilijengwa mbele ya uhuru, na marehemu baba aliinunua ikiwa na umeme wake tayari. Jioni moja moto ulirudi saa mbili na nusu ya usiku, kisha delestaji ya siku mbili. Mnajua namna inavyokuwa. Kila mtu anataka kufanya yote kwa mara moja kabla moto haujaenda tena. Jikoni kulikuwa resho mbili, moja ya maharagi na ingine ya maji ya kuoga. Binti yangu alikuwa anapiga pasi nguo za shule. Frigo inaguruma, telefone tano zinavuta kurani kwenye prizi moja. Mama, ambaye alikuwa amekaa barazani, akasema kwa sauti ya chini tu: «Kuna kitu kinanuka sawa vile sahani ya plastiki kwenye moto.»

Tulitafuta jikoni, hakuna kitu. Mwishowe nikaweka mkono kwenye ukuta juu ya tablo. Ukuta ulikuwa na joto kama sufuria iliyotolewa jikoni sasa hivi. Tukakata moto wote. Mdogo wangu akavuta kikombe cha tatu cha porselene, na pale ambapo inapashwa kuwa waya nyembamba kama unywele, tukaona kipande cha waya ya shaba nene, ile ya kufungia prizi.

«Nani aliweka hii?»

«Ni miye, yaya. Ile fizibo ilikuwa inakatika kila siku. Nikaweka waya ya nguvu. Tangu pale haijakatika hata mara moja.»

Alisema vile bila haya, kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Na kusema kweli, sisi wote tulikuwa tumefurahi kwamba haikatiki.

Kazi ya fizibo ni kukatika

Wengi tunafikiri fizibo ni kitu cha kupitisha moto, kwa hiyo ikikatika ni mbaya, ikidumu ni nzuri. Ni kinyume. Fizibo imetengenezwa iwe kipande dhaifu kuliko vyote katika njia ya umeme, ili kama kurani imepita kipimo, yenyewe iyeyuke pale kwenye porselene ambapo hapana kitu cha kuungua, mbele waya zilizo ndani ya ukuta na juu ya plafo hazijapata joto. Inachunga waya. Kumchunga mtu ni kazi ingine, nitarudilia jambo hilo.

Tuhesabu jioni ile. Umeme wetu ni wa volti 220. Resho moja ya wati 1500 inavuta karibu amperi 7. Mbili zinavuta 14 hivi. Pasi ya wati 1000 inaongeza 4 na nusu. Tayari tumepita 18, na frigo haijahesabiwa. Na hayo yote yalikuwa yanapita kwenye waya ya milimita 1,5 za mraba, waya ya kuwasha ampule, ambayo fizibo yake inapashwa kuwa ya amperi 10. Tena joto la waya halipandi pole pole: kurani ikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne.

Ninyi mlio Kolwezi, Likasi ao Kambove mnaijua shaba kuliko mimi. Mnajua kwamba inayeyuka kwenye digri 1085. Waya ya shaba yenye unene wa milimita 0,35, ile ya fizibo ya amperi 10, inakatika kurani ikifika karibu mara mbili ya kipimo chake. Lakini kile kipande mdogo wangu alichoweka, chenye unene wa milimita 1 na nusu hivi, kinataka zaidi ya amperi 100 mbele hakijayeyuka. Kabla ya kufika pale, plastiki ya waya imekwisha kuungua zamani, na mbao za plafo pia. Watu wengine wanaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wengine musumari. Yote ni kitu kimoja: fizibo haiko tena, na waya iliyo ndani ya ukuta ndiyo imekuwa fizibo.

Mama hakutaka

Kesho yake nikaita fundi wa kwanza. Alisimama chini ya tablo, mikono mfukoni, akaangalia dakika mbili, akasema: «Hii ni ya wakati wa Wabeleji. Tunatosha yote, tunaweka tablo ya kisasa na dijonkteri.» Bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na feza ya shule ya binti yangu kwa mwaka, na yuko sekondari, pale ambapo wazazi bado wanalipa.

Mama akakataa palepale. «Hii tablo, baba yenu alikuta iko hapa. Haijaua mutu. Haijaunguza nyumba. Munataka kutupa kitu kizima juu ya makosa ya mutoto mumoja? Na huyu binti atabaki nyumbani juu ya vikombe vya porselene?»

Mdogo wangu, kwa sababu ya aibu nafikiri, alikuwa sasa upande wa fundi. Mimi nilikuwa katikati. Nilimwona mama ana haki kwa jambo moja: ile tablo haikuwa imekosa. Ilifanya kazi yake miaka mingi, ikakatika kila mara tulipozidisha mzigo, na sisi ndio tuliifunga mdomo.

Basi tukaita fundi wa pili, mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme tangu ujana wake. Huyu hakuangalia tablo kwanza. Aliomba ngazi, akapanda juu ya plafo na testeri yake na tochi, akakaa kule karibu saa mbili. Aliposhuka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi kipande cha waya. Akakikunja mbele ya mama. Ngozi ya ile waya, ya mpira na kitambaa, ikavunjika na kuanguka kama mkate mkavu.

«Mama, tablo yako si ya kwanza kwa ugonjwa. Hii njo ya kwanza. Mukiweka tablo mupya juu ya hii waya, mumenunua kofia nzuri ya mutu mwenye kuhara.»

Mama alicheka. Lakini alikuwa amesikia.

Aliyoyaona yule mzee

Katika nyumba yetu kulikuwa na njia tatu za umeme. Ya jikoni ilikuwa imeungua kidogo kidogo kwa urefu wa metre mbili, plastiki imekuwa ngumu na nyeusi. Ya salon na barazani ilibadilishwa wakati fulani na waya za plastiki, bado nzima. Ya vyumba vya kulala ilikuwa ile ya mpira na kitambaa, ya tangu mwanzo.

Tablo yenyewe ilikuwa na vikombe sita kwa njia tatu, maana yake kila njia ina fizibo mbili: moja kwenye waya inayoleta moto, na moja kwenye waya ya kurudisha, neutri. Nilifikiri mbili ni usalama zaidi. Mzee akanieleza kinyume. Ikiwa ile ya neutri ndiyo imeyeyuka, ampule inazimika, unafikiri moto hauko, unapanda kubadilisha ampule ao unafungua prizi, kumbe waya ingine bado ina volti 220 zote. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika nyumba yenye giza. Ndiyo maana haifai kugusa kitu kwa kuona tu ampule imezimika. Kata kwenye disjonkteri kubwa ya karibu na konteri, kisha pima na testeri.

Jambo la tatu: prizi zetu zilikuwa na nafasi ya tere, lakini nyuma yake hapakuwa waya ya tere hata moja. Zilikuwa pambo tu.

Alitukataza kitu kimoja kwa nguvu. Nyuma ya vikombe vya tablo za zamani mara nyingine kuna karatasi nene ya kijivu inayozuia moto, na katika nyumba za miaka ile inaweza kuwa ya amianti. Usiipige msasa, usiitoboe, usiifagie ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa kisha miaka mingi. Wachimbaji wanajua vumbi la mawe linafanya nini. Hili nalo ni ndugu yake. Mtu akiitosha, ailoweshe kwanza na maji, moto ukiwa umekatwa, aifunge ndani ya mfuko.

Je, fizibo zote ni mbaya?

Hapana. Msiende kesho kung'oa kila kitu. Kuna nyumba, zaidi zile za kambi za kampuni za zamani, ambazo zina fizibo za kuzungusha kama ampule, zenye risasi ya porselene ndani na kidoti kidogo cha rangi kwenye kichwa. Rangi inasema kipimo: kijani ni amperi 6, nyekundu 10, kijivu 16, buluu 20, njano 25. Ndani ya shimo kuna pete ambayo inazuia kuingiza kubwa kuliko ile inayostahili. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili. Kama waya zako ni nzima, kama pete haijatolewa, na kama unaweza kupata risasi za kubadilisha, fizibo ya namna hiyo inachunga waya vizuri, pengine kuliko dijonkteri ya bei ya chini. Shida ni kupata risasi. Nilizunguka soko nikitafuta nyekundu, nikarudi mikono mitupu. Na pale risasi inapokosekana ndipo waya ya shaba inaingia.

Dijonkteri ndogo si kitu cha jana. Kampuni ya Stotz, kule Mannheim, Ujerumani, iliitengeneza katika miaka ya 1920. Ndani yake kuna vitu viwili: bamba dogo la chuma mbili linalojikunja likipata joto, kwa mzigo uliozidi muda mrefu, na sumaku inayokata kwa mara moja waya zikigusana. Ikikata, unarudisha kwa kidole. Faida yake kubwa kwa nyumba zetu ni kwamba hakuna mahali pa kuingiza musumari. Lakini dhambi ya zamani inaweza kurudi kwa mlango mwingine: mtu anaona 16 inakata kila mara, ananunua 32. Waya ya milimita 1,5 isichungwe na zaidi ya 16, na ya milimita 2,5 isipite 20.

Mkinunua, angalieni maandiko. Ya kweli imeandikwa kipimo, kwa mfano C16, na ndani ya kisanduku kidogo namba kama 4500 ao 6000, na namba ya sheria yake ya kimataifa, 60898. Iliyo nyepesi kama ganda la kiberiti, yenye maandiko yanayofutika na kidole, muiache dukani. Kuna za uongo nyingi.

Kile kinachomchunga mtu

Hapa ndipo mama aligeuka kabisa. Mzee alimuuliza: «Mama, mutoto akishika waya na mikono ya maji, fizibo ya 10 itakata?» Mama akajibu kwamba itakata. Mzee akatikisa kichwa.

Mwili wa mtu unaweza kufa kwa kurani ndogo sana, sehemu ya amperi moja. Fizibo ya amperi 10 haioni kitu. Na dijonkteri ya kawaida nayo haioni. Kitu kinachoona kinaitwa diferansieli. Kinapima kurani inayotoka na ile inayorudi. Zikiwa sawa, kinakaa kimya. Kama kiasi fulani kimepotea njiani, kwa sababu kimepita katika mwili wa mtu ao katika ukuta wenye maji, kinakata mara moja. Cha nyumbani kinapashwa kuwa cha miliamperi 30, yaani zaidi ya mara 300 chini ya ile fizibo ya 10. Hata nyumba isiyo na tere inafaidika nacho. Lakini kukiwa na tere, kinakata wakati frigo ao resho imeharibika, mbele mtu hajaigusa.

Kwetu kando ya ziwa neno hili ni zito. Tunafua, tunaosha samaki, sakafu ya simenti haikauki. Na tumeona maji mabaya kuliko hayo. Mwezi wa nne mwaka 2020, Mulongwe ilipofurika usiku, ilibeba nyumba na watu. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda mpaka likaingia Kalundu na nyumba za pwani. Nyumba ambayo maji yaliingia mpaka kwenye prizi, msirudishe moto kwa sababu tu jua limekausha ukuta. Matope yanabaki ndani. Fizibo za porselene unaweza kuosha na kukausha, lakini dijonkteri na diferansieli zilizozama zinatupwa, hata kama kidole chake bado kinapanda na kushuka. Na mkijenga ao mkirudilia tablo, iwekeni juu, urefu wa macho ya mtu mzima, na prizi zipande pia.

Neno kwa wenzetu wa machimbo, Kamituga, Lugushwa, Misisi, mnaotumia groupe. Kwenye jenereta ndogo ambayo waya yake haikufungwa na tere, diferansieli inaweza isikate, kwa sababu kurani haina njia ya kurudi. Mwambieni fundi afunge neutri ya jenereta kwenye tere, ndani ya njia moja tu, na apime. Na pale penye umeme wa kampuni na jenereta pamoja, wekeni swichi ya kugeuza, ili hivi viwili visikutane kamwe. Jenereta ikirudisha moto kwenye nguzo, mfanyakazi aliyepanda kule juu akifikiri umekatwa, anakufa.

Tulivyofanya

Mzee aliandika hesabu yake kwa mafungu, jambo ambalo yule wa kwanza hakufanya. Nilimuuliza: kama ninaweza kulipa nusu tu, unaanza wapi? Akajibu bila kuwaza: njia ya jikoni, waya mpya ya milimita 2,5 na dijonkteri yake ya 20. Kisha diferansieli moja kwa nyumba nzima na chuma cha tere. Tablo yenyewe ni ya tatu. Mpaka siku ile, vikombe viwili vya salon vibaki, na waya ya fizibo ya kweli, lakini upande wa neutri afunge moja kwa moja, pasiwe tena fizibo pale.

Tukakubali. Feza ya shule ikalipwa kwa mafungu mawili, na mkuu wa masomo alikubali kungoja. Chuma cha tere, metre mbili, kilipigwa nyuma ya jiko ambako udongo hauishi kuwa na majimaji. Kazi ya jikoni ilichukua siku mbili.

Usiku wa kwanza diferansieli ikakata mara nne. Mama akasema: «Hii kitu yenu inakatika kupita ya baba yenu!» Mdogo wangu akaanza kutafuta namna ya kuiruka, nikamkemea. Mzee alirudi, akafungua njia moja moja, akakuta ile ampule ya nje karibu na choo imejaa maji ya mvua. Waya ilikuwa inavujisha kurani ukutani, labda tangu miaka, na watoto wanapita pale usiku bila viatu. Akaifunga upya. Tangu hapo inakata tu wakati kuna sababu.

Kuna jambo moja ambalo vitu hivi vyote havifanyi: havizuii moto unaorudi na nguvu kupita kiasi kisha delestaji. Umeme wa Ruzizi ukirudi, wacha dakika kumi zipite, ampule zitulie, ndipo mchomeke frigo. Sisi bado tunafanya vile.

Tablo mpya ya nafasi nane iliwekwa wakati wa kiangazi, tulipouza mavuno ya muhogo. Mdogo wangu ndiye anabonyeza kidude cha T cha diferansieli kila tarehe 1 ya mwezi, aone kama inakata, na anaandika tarehe na chaki pembeni ya mlango. Waya ya vyumba vya watoto imebadilishwa. Imebaki ya chumba cha mama tu, yenye ampule moja na hakuna prizi. Anasema plafo yake haitafunguliwa wakati wa mvua, na kwamba siku ikifika ataita mzee yeye mwenyewe.